Majibu kwa wasomaji: Vipandikizi vimetolewa, mbona moyo bado unauma?

Tangu tulipogusia upasuaji wa urembo katika ukurasa huu, barua nyingi zilizonifikia hazikuuliza habari za kisu wala kovu. Ziliuliza kwa nini mtu aliyetamani kwa miaka kutolewa vipandikizi vya matiti hulia baada ya kutolewa, na kwa nini mwingine hushindwa hata kufika kwenye chumba cha daktari. Nimechagua barua nne. Majina na mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi yameondolewa, na barua mbili zimefupishwa.

SWALI: Mama Mshauri, shikamoo. Niliwekewa vipandikizi vya silikoni nikiwa na miaka 24, na sasa nina miaka 35. Kwa muda mrefu nimekuwa na uchovu usioisha, maumivu ya viungo na kusahau mambo madogo madogo, na kila nilipokwenda hospitali niliambiwa vipimo ni safi, nipunguze mawazo. Wiki saba zilizopita nilivitoa. Viungo vimepata nafuu, na sijutii kuvitoa. Lakini tangu bandeji ilipofunguliwa sijaweza kujitazama. Naoga taa ikiwa imezimwa, kioo cha chumbani nimekifunika kwa shuka, na naweza kulia asubuhi nzima bila ya kujua ninalilia nini. Dada yangu ananiambia, “Ulitaka mwenyewe, sasa unalia nini?” Je, nimekosea? Au nimeanza kuchanganyikiwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hujakosea, wala hujachanganyikiwa. Dada yako anadhani kwamba anayelia lazima awe anajuta, na hapo ndipo anapokosa kukuelewa. Anayejuta hutamani angefanya vingine. Wewe unajua kwamba ulifanya sawa, na bado unaomboleza, kwa sababu kuna ulivyovipoteza.

Hebu tuvitazame. Umbo lile uliingia nalo ukiwa na miaka 24 na umeliacha ukiwa na miaka 35. Hiyo ndiyo miaka ambayo watu wengi hujenga kazi, mapenzi na heshima yao mbele za watu, nawe uliijenga ukiwa na kifua fulani, ukachagua nguo za kifua hicho, ukapigwa picha ukiwa nacho, na pengine ukapendwa ukiwa nacho. Mwili uliokuwa nao kabla ya upasuaji wa kwanza haukukusubiri mahali ukurudie. Unachokiona sasa ni kifua cha mwanamke wa miaka 35 ambaye hamjawahi kukutana, na kumzoea kunataka muda. Ongeza juu yake miaka ya uchovu, safari ulizoahirisha na kazi ulizofanya nusunusu kwa sababu ya maumivu. Nafuu ya viungo uliyoipata ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa kile ulichokuwa ukikikosa, na ndiyo maana machozi mengi huja baada ya mtu kuanza kupona, si kabla.

Lipo pia la mwili wenyewe, ambalo watu hulisahau. Katika wiki za kwanza baada ya upasuaji wowote mkubwa ni kawaida kwa moyo kushuka: kuna dawa ya nusukaputi, kuna dawa kali za maumivu, kuna usingizi wa kukatikakatika kwa kulazimika kulala chali, na kuna mikono isiyoweza kuinuliwa hata kuchana nywele, hali inayomfanya mtu mzima ajihisi amerudishwa utotoni. Sehemu ya huzuni yako huenda inatoka huko, nayo hupungua kadiri nguvu zinavyorudi.

Kuhusu ulichokiona bandeji ilipofunguliwa, ningependa ujue kwamba sura ile haikuwa ya mwisho. Ngozi iliyovutwa kwa miaka hulegea na kukunjamana, tishu ya titi iliyokuwa ikibanwa na kipandikizi huwa imesinyaa, uvimbe wa kushoto haulingani na wa kulia, na chuchu huweza kuonekana kama imezama ndani. Katika miezi inayofuata uvimbe huisha, ngozi hujikaza kiasi, na tishu hulegea na kujaa tena kiasi. Kovu huwa gumu na lenye rangi kali kwa miezi kadhaa kabla ya kufifia, na kufifia huko kunaweza kuchukua mwaka au zaidi. Sikuahidi kifua cha miaka 24. Ninachokwambia ni kwamba usiihukumu kazi ambayo haijakamilika, na kwamba ukijikuta wiki hizi unawaza kurudi kwa daktari akutengeneze haraka kwa upasuaji mwingine, uamuzi huo uache ukae miezi kadhaa, mpaka uvimbe uishe na machozi yapungue, isipokuwa kama daktari ameona tatizo la kitabibu lisiloweza kusubiri.

Sasa nije kwenye maneno ambayo katika barua yako uliyapitia haraka, nami nayaona mazito kuliko yote: uliambiwa upunguze mawazo. Vipandikizi vya silikoni vilianza kuwekwa mwaka 1962 huko Houston, Marekani. Mwaka 1992 FDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, ilizuia vipandikizi vya jeli ya silikoni visitumike kwa ajili ya urembo, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa. Mwaka 1999 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilieleza kwamba halikuona ushahidi wa kuridhisha kuwa vinasababisha magonjwa ya mwili mzima, na mwaka 2006 vikaruhusiwa tena. Kisha mwaka 2021 mamlaka ile ile iliamuru viambatane na onyo la daraja la juu kabisa, linalosema pamoja na mengine kwamba si vifaa vya kudumu maisha yote na kwamba vimehusishwa na dalili za mwili mzima. Hadi sasa hakuna kipimo cha damu wala picha inayoweza kuthibitisha kwamba uchovu wa mgonjwa fulani umetokana na kipandikizi chake.

Nimeieleza historia hiyo kwa sababu inakupa mambo mawili. Kwanza, madaktari waliokuona wengi wao walifundishwa katika kipindi ambacho jibu la kitaalamu lilikuwa “hakuna uhusiano”. Pili, hata kwa elimu ya wakati huo, daktari mwaminifu angeweza kusema, “Sijui sababu, lakini naamini kwamba unaumwa.” Hakuna aliyekwambia hivyo. Mtu asiposadikiwa mara nyingi, hujifunza kutousadiki mwili wake mwenyewe, na jeraha hilo halitoki pamoja na kipandikizi. Hulala kimya wakati unapigania kupata upasuaji, kwa sababu wakati huo una kazi ya kufanya, kisha vita vikiisha hasira inakuja, na kwa wanawake wengi hasira hiyo hujitokeza kama kilio.

Wapo waliopata mahakama ya kuisikiliza hasira yao. Baada ya kugunduliwa mwaka 2010 kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilijaza vipandikizi silikoni ya viwandani ambayo haikuidhinishwa kwa tiba, mwanzilishi wake alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 4. Walio wengi, kama wewe, hawana wa kumshitaki: kipandikizi kilikuwa halali, fomu ilitiwa saini, na kila daktari alifuata mwongozo wake. Hasira ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuisikiliza bila ya kukimbilia kuamua nani mwenye kosa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukushauri umwone mshauri nasaha au mtaalamu wa saikolojia, hata kwa vikao vichache. Unaweza pia kuomba nakala ya taarifa zako za upasuaji na majibu ya maabara. Wengine husema kuishika karatasi iliyoandikwa kile kilichokutwa kifuani mwao kuliwatuliza kuliko maneno mengi ya faraja.

Kwa upande wa kioo, usijilazimishe kukifunua chote kwa siku moja, lakini pia usikiache kimefunikwa kwa miezi, kwa maana kila siku unayokikwepa humfanya yule aliye nyuma ya shuka azidi kutisha. Anza kwa mkono. Kama daktari wako amekuruhusu kupaka mafuta au kukanda kovu, fanya hivyo macho yakiwa yamefumbwa, polepole, ukizoea joto la ngozi na mahali palipo ganzi. Kisha simama mbele ya kioo ukiwa umevaa, halafu ukiwa na fulana nyepesi, halafu kwa dakika moja bila nguo. Katika dakika hiyo taja unachokiona kama anavyotaja muuguzi: mstari huu una urefu wa kidole, upande huu ni wekundu kuliko ule, hapa ngozi imekunjika. Neno “mbaya” likija, liache lipite na urudi kwenye rangi na mistari. Wataalamu wa saikolojia hutumia njia inayofanana na hii kwa watu walioshindwa kuitazama miili yao, na hufanya kazi kwa kurudiwa.

Huzuni ikikaa nawe kila siku kwa zaidi ya wiki mbili bila ya kupumzika, ukashindwa kula au kuamka kitandani, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ina tiba. Nakuuliza waziwazi pia kama umewahi kufikiri kujidhuru, na siulizi kwa kukushuku. Tafiti za Sweden, Denmark na Finland ziliona kwamba kujiua kulikuwa kwingi zaidi kwa wanawake waliowekewa vipandikizi vya urembo kuliko kwa wanawake wengine, na watafiti wengi walielekea kudhani kwamba chanzo ni mizigo ya moyo iliyokuwapo kabla, si silikoni yenyewe. Mawazo hayo yakija, mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyo hiyo na uende hospitali iliyo karibu. Usisubiri barua yangu nyingine.

Dada yako akiuliza tena unalia nini, mjibu kwamba unalilia miaka 11, kisha mwombe akae nawe bila ya kuuliza.

SWALI: Mshauri, naomba jina langu lisitajwe. Mimi sikuvitaka vipandikizi. Aliyevitaka ni mwanamume niliyekuwa nimeolewa naye, na kwa namna alivyokuwa akinitendea, kukataa hakukuwa na maana. Nimeachana naye na nataka vitoke, kwa sababu kila nikivigusa namkumbuka. Lakini nikiingia kliniki natetemeka, harufu ya dawa ya kusafishia inanipandisha kichefuchefu, na ninakumbuka nilivyoamka kwenye upasuaji wa kwanza nikiwa nimeshikwa mikono na watu nisiowajua. Usiku naota hayo hayo. Nimeahirisha mara mbili. Daktari ananiambia hakuna cha kuogopa, ni operesheni ndogo.

JIBU: Dada yangu, daktari wako amejibu swali ambalo hukumuuliza. Wewe huogopi ukubwa wa operesheni. Unaogopa kulala tena bila ya fahamu, ukiwa umevuliwa nguo, mikononi mwa watu wengine, kwa ajili ya kifua ambacho mtu mwingine alikiamulia.

Unayoyaeleza, yaani ndoto zinazojirudia, mwili kutetemeka kwa harufu, na kukwepa mahali panapokumbusha, ni dalili za kiwewe. Kumbukumbu ya tukio la kutisha haikai vizuri katika mpangilio wa jana na leo. Harufu ikipita, mwili hujibu kana kwamba jambo linatendeka sasa, moyo ukaenda mbio kabla hata akili haijajua kwa nini. Dalili kama hizo zikidumu zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio na kuvuruga maisha ya mtu, wataalamu huzitambua kama ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 lilipendekeza tiba mbili za mazungumzo: ile ya kurekebisha fikra na mwenendo inayolenga kiwewe, na ile ambayo mgonjwa huikumbuka picha ya tukio huku macho yake yakifuata mwendo wa kwenda na kurudi, chini ya uongozi wa mtaalamu aliyefunzwa. Hakuna inayokutaka usimulie kila kitu siku ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba, ikiwa hakuna sababu ya kitabibu ya kuharakisha, anza na tiba ya kiwewe kabla ya upasuaji, hata kwa miezi michache. Sababu za kuharakisha zipo, nazo daktari ndiye wa kuzipima: kipandikizi kilichopasuka, maumivu yanayozidi, au titi lililovimba ghafla miaka kadhaa baada ya kuwekewa. Hilo la mwisho huchunguzwa mara moja bila ya kuogopa na bila ya kuahirisha, kwa sababu ipo saratani adimu ya mfumo wa limfu, inayohusishwa hasa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, usio laini, ambayo mara nyingi hujitokeza kwa uvimbe wa namna hiyo. Ni kwa ajili ya saratani hiyo kwamba mwaka 2019 baadhi ya vipandikizi vya aina hiyo viliondolewa sokoni.

Utakapokuwa tayari, omba miadi ya mazungumzo tu, ukiwa umevaa nguo zako, bila ya kupimwa. Huna haja ya kusimulia habari za ndoa yako. Sentensi moja inatosha: “Nimewahi kutendewa ukatili, na kuguswa bila ya kuelezwa kwanza kunanidhuru.” Kisha taja unayoyataka. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo wakati wote, kila anayetaka kukugusa aseme kwanza na asubiri ukubali, mkubaliane ishara ya mkono inayomaanisha “simama”, na usivuliwe gauni la hospitali mpaka usingizi ukuchukue. Uliza nani watakuwamo chumbani na kama kuna wanafunzi, na ujue kwamba una haki ya kuwakataa.

Lipo jambo dogo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema, na kwako linaweza kuwa zito kuliko sindano: kabla ya upasuaji madaktari wengi hupiga picha za kifua, mgonjwa akiwa amesimama wazi mbele ya ukuta mtupu, akielekezwa kugeuka kushoto na kulia. Mwanamke aliyewahi kuamriwa ageuke anaweza kuganda pale pale. Uliza tangu mwanzo kama picha zitapigwa, nani atazipiga, zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Uso wako hauhitajiki. Na ruhusa ya kuzitumia katika matibabu yako si ruhusa ya kuzitumia katika matangazo ya kliniki, hata kama maneno hayo mawili yamewekwa kwenye karatasi moja ya kutia saini. Soma, na ukate kile usichokikubali.

Zungumza pia na daktari wa usingizi peke yake. Mweleze ulivyoamka mara ya kwanza. Kuamka kutoka kwenye nusukaputi kwa hofu na kupigana ni jambo linalojulikana, na linawapata zaidi watu wenye kiwewe. Akijua mapema anaweza kuchagua dawa na kupanga sauti unayoifahamu iwe karibu nawe unapofumbua macho, na wote watakaokuwapo waambiwe wasikushike kwa nguvu ila pale ambapo usalama wako unadai. Mwisho, amua mapema kama unataka kuviona vipandikizi vikishatoka. Wapo wanaotaka kuvishika mkononi, wapo wanaotaka picha tu, na wapo wasiotaka hata kusikia vilikwenda wapi. Yote ni sawa. Ninachokitahadharisha ni kukabidhiwa mfuko wa plastiki wenye vitu hivyo bila ya kuulizwa, ukiwa bado na usingizi kichwani.

Sitakuficha kwamba vikishatoka mwanamume yule anaweza kukujia ndotoni zaidi kwa muda, kwa kuwa kuguswa kifua kutakuwa kumeamsha mengi. Hali hiyo haimaanishi kwamba upasuaji umeshindwa. Panga kikao na mtaalamu wako katika wiki mbili za kwanza, tarehe ikiwa imeshaandikwa kabla hujaingia hospitali, kwa sababu baada ya hapo hutakuwa na nguvu ya kuitafuta. Na mara hii karatasi ya idhini itakuwa na saini yako peke yako. Daktari asiyekuwa na subira ya kusikiliza haya unaweza kumwacha na kumtafuta mwingine, na huko hakutakuwa kuahirisha kwa mara ya tatu.

SWALI: Ndugu mshauri, mke wangu ametolewa vipandikizi mwezi uliopita. Nikimwambia bado ni mzuri anakasirika. Nikinyamaza analia. Nikueleze ukweli, hata mimi sijazoea. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, acha kwanza kumpa alama. “Bado ni mzuri” ni hukumu, hata kama ni ya kumsifu, na yeye wiki hizi amechoka kuhukumiwa kifua. Neno “bado” nalo linamwambia kwamba ulikuwa na shaka.

Jishughulishe na vitu vinavyoshikika. Mwoshe nywele, kwa sababu mikono yake haipandi. Chukua kazi za kubeba na kuinua vitu vizito bila ya kuombwa, mpaka daktari aseme anaweza. Kama bado ana mirija ya kutolea majimaji, jifunze kwa muuguzi namna ya kuimwaga na kuandika kiasi kwenye daftari. Mwanamume anayeandika “asubuhi, mililita 20, rangi imepungua” bila ya kukunja uso amesema mengi kuliko mashairi. Ukitaka kumgusa, uliza wapi na vipi, kwani sehemu nyingine zina ganzi na nyingine zinauma kwa kitambaa tu, na hali hiyo hubadilika wiki hadi wiki. Jambo la ndoa liacheni lirudi kwa mwendo wake, na yeye ndiye aseme lini.

Kutozoea kwako si dhambi. Hata hivyo, mwenye jeraha asipewe kazi ya kumfariji mtazamaji. Yapeleke hayo kwa mshauri, au kwa rafiki mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, kisha rudi nyumbani.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nimepangiwa kutolewa vipandikizi hivi karibuni kwa sababu ya uchovu na maumivu. Nimeona shuhuda nyingi mtandaoni za wanawake waliopona kabisa ndani ya siku chache. Wanasema lazima kipandikizi kitoke pamoja na kifuko chote cha kovu kikiwa kizima, lakini daktari wangu anasema si lazima. Nimeingiwa na hofu kwamba nisipofanya hivyo sitapona. Pia kazini sijui niseme nini.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifuko unachokitaja ni utando wa kovu ambao mwili hujenga kuzunguka kitu chochote kigeni kilichowekwa ndani yake. Kukitoa kizima pamoja na kipandikizi ni njia iliyotoka kwenye upasuaji wa saratani, na pale saratani inaposhukiwa ina sababu yake. Nje ya hapo ina gharama: jeraha kubwa zaidi, na hatari ya kutokwa damu au kugusa ukuta wa kifua ambako kuna mapafu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wanawake waliovitoa kwa sababu ya dalili kama zako, na uliona kwamba wengi walipata nafuu, na nafuu hiyo haikutofautiana kati ya waliotolewa kifuko chote na waliotolewa sehemu tu. Kwa hiyo hoja ya daktari wako ina msingi. Mwulize lakini ni kipi hasa atakachofanya na kwa nini, na kama tishu itapelekwa maabara, kwa sababu hofu yako imekua mahali ambapo hakuna aliyekueleza.

Nafuu ni jambo moja, na kupona kabisa kwa siku chache ni jambo jingine. Anayepona haraka ana furaha ya kutangaza. Aliyepona nusu, au aliyebaki vile vile, kwa kawaida hukaa kimya, na wewe huisomi habari yake. Nimezungumza na wanawake walioanguka vibaya moyoni katika mwezi wa pili, si kwa sababu walizidiwa bali kwa sababu walijiwekea tarehe ya kuwa watu wapya na tarehe ikapita. Uchovu na maumivu ya viungo yana vyanzo vingi, vikiwamo tezi ya shingo, upungufu wa damu na magonjwa ya kinga ya mwili. Hakikisha hivyo vimetazamwa pia, ili usiviwekee vipandikizi mzigo wote na kisha ukajilaumu vikishindwa kuubeba.

Kabla ya siku yenyewe, andika kwa mkono wako sababu zako za kuvitoa, pamoja na ile ambayo hungependa mtu aisome. Utaihitaji karatasi hiyo siku utakapojitazama na kusahau. Jiulize pia kwa ukweli: je, unapoteza saa nzima kila siku kukagua kasoro ambayo wengine hawaioni, na je, iliwahi kuwa pua au ngozi kabla ya kuwa matiti? Kama jibu ni ndiyo, mweleze mtaalamu wa saikolojia kabla ya upasuaji, kwa sababu shida ya namna hiyo kisu hakiiponyi, iwe ni kisu cha kuweka au cha kutoa. Na usijione mtu wa ajabu kwa kuvitoa. FDA inaeleza kwamba hadi asilimia 20 ya wanawake wanaowekewa vipandikizi vya kuongeza matiti hutolewa ndani ya miaka 8 hadi 10.

Kazini huna deni la maelezo kwa mtu. Cheti cha daktari kinachosema umefanyiwa upasuaji, unahitaji kupumzika, na usinyanyue vitu vizito kwa wiki kadhaa, kinatosha kwa mwajiri. Mwenzako mmoja unayemwamini anaweza kuambiwa zaidi, ili awepo wa kukubebea mafaili. Wengine wakiuliza, sema ulikuwa na upasuaji na unaendelea vizuri, halafu uulize habari za kazi.